“Ataacha Akikua” – Na Asipoacha?

Mtoto wa miaka mitatu akianza kukwama katikati ya neno, ushauri hauchelewi kumfikia mama yake. Utatoka kwa bibi, kwa jirani wa ukuta kwa ukuta, kwa mwalimu wa chekechea, kwa nesi wa zahanati, na siku hizi kwa kundi la WhatsApp la mtaa. Wote, waliosoma na wasiosoma, watasema jambo moja kwa maneno karibu yaleyale: “Muache tu, ataacha akikua.” Si kawaida yetu kukubaliana hivi. Mwezi ukiandama tunagombana, Simba na Yanga zikicheza tunanuniana, na wali wa nazi utiwe chumvi kiasi gani hatujaafikiana mpaka leo. Ila kuhusu kigugumizi cha mtoto tuna ijmaa. Mimi naiona ijmaa hii kuwa mbovu, na wanaoilipia ni watu wasioweza kujitetea, kwa kuwa kujitetea kunataka kuongea.

Niitendee haki kwanza, maana si hoja ya kijinga. Kigugumizi huanza mapema, mara nyingi kati ya miaka miwili na minne, na makadirio ya siku nyingi yanasema kinampata mtoto mmoja kati ya ishirini hivi. Kwa watu wazima kinabaki kwa mmoja kati ya mia. Maana yake wengi wanaoanza nacho hawafiki nacho ukubwani. Ehud Yairi na Nicoline Ambrose wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwafuatilia watoto 84 kwa miaka kadhaa tangu karibu na siku kigugumizi kilipoanza, na mwaka 1999 wakatoa majibu: asilimia 74 walipona. Bibi hakusoma jarida lolote, lakini hesabu hiyo ameiona kwa macho yake ndani ya ukoo. Tena wenye hoja hii huongeza mengine. Ukilishupalia jambo utamtia mtoto hofu. Wataalamu wenyewe wako wapi? Na hata Nabii Musa, wanasema, alikuwa na ulimi mzito na bado alisimama mbele ya Firauni.

Nadhani nimeipanga vizuri kuliko wenyewe wanavyoipanga. Sasa tuifumue.

1. Watatu wanapona. Wa nne ni yupi?

Asilimia 74 ni habari ya kundi, na mama hana kundi. Ana mtoto mmoja, anayemvuta kanga na kushindwa kumwambia anataka nini. Anayemwambia “ataacha” amekwisha kumweka mtoto huyo kwenye fungu la waliopona bila hata kumtazama. Mazungumzo ya namna hii utayasikia kwenye foleni na misibani:

“Huyu kamrithi mjomba wake.”

“Mjomba aliacha?”

“Aa, yeye anacho mpaka leo. Lakini huyu ataacha.”

Mtu anatoa ushahidi kwa sentensi ya kwanza, kisha anautupa kwa sentensi ya pili, na hakuna anayecheka. Ni kweli kwamba kigugumizi hutembea katika damu. Tafiti za pacha zimelionyesha hilo, na mwaka 2010 timu ya Dennis Drayna huko Marekani, ikianzia na familia za Pakistani, ilibainisha jeni kadhaa zinazohusika. Lakini Ambrose na Yairi waliona jambo la pili, la maana zaidi kwa mama wa foleni: mtoto ambaye ndugu zake hawakuacha ana uwezekano mkubwa zaidi wa kutoacha. Mjomba, kwa maneno mengine, si faraja. Mjomba ni dalili.

Na dalili ziko nyingine. Uchambuzi wa mwaka 2020 uliojumuisha tafiti nyingi za nyuma ulionyesha kwamba kigugumizi kina uwezekano zaidi wa kubaki kwa watoto wa kiume, kwa walioanza wakiwa na umri mkubwa kidogo, kwa wenye ndugu wa aina ya mjomba yule, na kwa wale ambao matamshi yao au lugha yao kwa jumla iko nyuma ya wenzao. Hili la mwisho halisemwi kabisa barazani. Kwetu mtoto ana kigugumizi, basi. Kama pia anasema “tuku” badala ya “kuku” akiwa na miaka minne, au sentensi zake bado ni za maneno mawili mawili, tunalifunga lote katika furushi moja na kuliandikia “ataacha akikua”. Wanazuoni wanabishana kama watoto wenye kigugumizi, kwa ujumla wao, wana lugha dhaifu kuliko wenzao. Mwaka 2011 wapo waliokusanya tafiti na kusema ndiyo, kwa kiasi kidogo. Mwaka uliofuata Marilyn Nippold akawajibu kwamba ushahidi hautoshi. Wabishane. Mtoto mmoja mmoja anayebeba matatizo mawili kwa pamoja yupo, na ushauri wa kusubiri unahakikisha la pili haligunduliki kwa sababu la kwanza limeshatolewa udhuru.

Halafu kuna hili neno “akikua”. Akikua mpaka lini? Utafiti wa Melbourne, Australia, uliowafuatilia zaidi ya watoto 1,600 tangu wakiwa wachanga, ulikuta kwamba kufikia miaka minne asilimia 11 walikuwa wameanza kigugumizi, na kwamba ni asilimia 6.3 tu waliopona ndani ya miezi 12 tangu kuanza. Sita, si sabini na nne. Wengi hupona, ndiyo, lakini hupona kwa miaka. Mtoto aliyeanza akiwa na miaka mitatu akaacha akiwa na sita ameishi nusu ya umri wake akikwama, na nusu hiyo ndiyo ileile aliyotakiwa kujifunza kusimulia, kuuliza, kubisha na kupata rafiki.

Nikubali jambo moja kwa wapinzani wangu. Si kila kurudiarudia ni kigugumizi. Mtoto anayesema “mimi nataka... mimi nataka ile... ile kubwa” anajenga sentensi, na fundi yeyote hupima mara mbili. Anayesema “n-n-n-nataka”, au anayevuta “mmmmmama” mpaka sauti inapanda, au anayefungua mdomo, jicho likamkaza, na kusitoke kitu, huyo yuko kwingine. Tofauti hii inaweza kufundishwa kwa dakika tano. Haifundishwi, kwa sababu jibu ni lilelile kwa wote wawili.

2. Hakuna anayemuacha

Wanaosema “muache” hawamwachi, na hapo ndipo hoja yao inapochekesha.

Jioni moja dukani kwa Mangi nilisimama nyuma ya mtoto wa kiume, umri wa miaka minne na kitu, kashika noti ya elfu mbili aliyoikunja mpaka imekuwa kijiti. “S-s-s-s...” Mangi, mtu mwema kabisa, akamsaidia: “Sabuni?” Mtoto akatikisa kichwa. “Soda? Sigara?” Kwa sigara watu wakacheka. Mama mmoja akasema kwa upole, “Vuta pumzi, baba. Sema polepole.” Mtoto akavuta pumzi kama alivyoagizwa, akaishikilia, mishipa ikamtoka shingoni. Kisha akanyoosha kidole kwenye pakiti ya chumvi iliyokuwa karibu na mizani. Akapewa chumvi na chenji yake, akaenda zake. Haikupita muda dada yake akamrudisha kwa mkono kuja kubadilisha. Walitumwa sukari.

Hakuna aliyemtukana mtoto yule. Kila mtu pale dukani, ukimuuliza, angesema ataacha akikua. Na bado kwa muda usiotosha kufunga mzigo alikatizwa mara tatu, akakisiwa, akachekewa, akafundishwa kupumua, na akagundua mbinu ambayo watu wazima wenye kigugumizi wataitambua mara moja: ukishindwa kusema unachotaka, chukua unachoweza kupata. Hiyo ndiyo “kuacha” kwetu. Nyumbani inaitwa “anza upya”, “tulia kwanza”, “hebu sema kama mtu”. Kwa kaka zake inaitwa kumwigiza. Kwa baba aliyechoka wakati mwingine inaitwa kofi la mgongo, eti limshtue.

Na wenye subira zaidi ndio wenye dawa nyingi zaidi. Nimekutana na familia iliyosema kwa kinywa kimoja kwamba si tatizo, huku mtoto amekwisha pelekwa kukatwa udata, ule utando wa chini ya ulimi, kwa mtu wa wembe. Kama si tatizo, wembe ni wa nini? Utando ukiwa mfupi sana unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na pengine kumzuia sauti kadhaa zinazotaka ncha ya ulimi ipande. Haumfanyi akwame kwenye “m”, sauti ya midomo. Lakini mtoto akikatwa mwezi wa tatu na kigugumizi kikapungua mwezi wa tano, mtu wa wembe amepata jina.

Hapa asilimia 74 inarudi kwa sura nyingine. Kigugumizi cha utotoni huja na kwenda. Kuna wiki mtoto anatiririka kama maji, wiki nyingine hamalizi jina lake. Mara tatu kati ya nne kitaondoka kabisa. Mganga anayetibu jambo la tabia hiyo hawezi kushindwa. Atoe kombe, mafuta, maombi ya mkesha au wembe, robo tatu ya wateja wake watarudi kushukuru, na ile robo iliyobaki haitarudi, kwa hiyo haitaonekana. Sijui biashara nyingine yenye dhamana nzuri kiasi hicho.

3. “Mbona akiimba hakwami?”

Mwalimu wa chekechea huitoa hoja hii kama mwanasheria anayetoa kielelezo. Mtoto anaimba na wenzake neno kwa neno. Kwenye chuo cha Qurani anasoma Fatiha pamoja na darasa zima bila kukwama popote. Akiulizwa peke yake, “Jina lako nani?”, hapo ndipo anapogota. Kwa hiyo, anahitimisha mwalimu, anajifanya. Au ni woga. Au amedeka.

Kielelezo ni sahihi. Hukumu ndiyo mbovu. Kuimba na kusema kwa pamoja hupunguza kigugumizi kwa karibu kila aliye nacho, mkubwa kwa mdogo, na jambo hili linajulikana kwa wataalamu muda mrefu sana. Kinachoshindikana si ulimi (kama ulimi ungekuwa umefungwa, ungefungwa hata kwenye wimbo, na mtu wa wembe angelifikiria hilo kabla ya kuuchomoa), wala si nia. Kinachoyumba ni ule mpangilio wa haraka wa kuanzisha na kuunganisha sauti za usemi wa mtu mwenyewe, na kuimba na wenzako hukupa mpigo wa nje wa kujishikiza. Picha za ubongo zilizochukuliwa na timu ya Soo-Eun Chang huko Michigan, kwa watoto kuanzia miaka mitatu, zimeonyesha tofauti katika njia zinazounganisha sehemu za kusikia na za kutamka. Mtoto hawezi kujifanyia hayo kwa kudeka.

Kuhusu woga, watafiti wa Melbourne waliutafuta. Hawakukuta kwamba watoto walioanza kigugumizi walikuwa waoga au wenye haya kuliko wengine. Kuhusu akili nzito, shutuma ambayo haisemwi mbele ya mama lakini husemwa akishaondoka, walikuta kinyume chake: kufikia miaka minne watoto hao kama kundi walikuwa mbele kidogo kwa lugha. Nataka mwalimu alifikirie hili polepole, vuta pumzi, bila haraka. Anayemweka nyuma ya darasa kwa sababu hajibu huenda ndiye mwenye maneno mengi kuliko wote pale mbele.

Na kama kweli ni woga, mbona dawa yetu ni kumkaripia?

4. Lugha ya bibi ndiyo inayoshtakiwa

Hoja hii imekuja na shule za Kiingereza. Mtoto akikwama, mwalimu au daktari wa kupita anauliza, “Nyumbani mnaongea lugha gani?” Ukijibu Kiswahili na Kichaga, au Kiswahili na Kidholuo, uso unakunjuka: basi ndiyo hiyo, lugha mbili zinamchanganya. Bakieni na moja.

Moja ipi? Sijawahi kusikia mwalimu akisema, “Acheni Kiingereza kwanza mpaka atulie.” Inayofukuzwa ni ya bibi kila mara. Ajabu ya kisayansi: lugha inayomsababishia mtoto kigugumizi haikosi kuwa ile isiyo na mtihani.

Kama lugha mbili zingeleta kigugumizi, Moshi, Kisumu na Mwanza zingekuwa miji ya watu wanaogota, na nchi ambazo mtu huishi na lugha moja tangu tumboni hadi kaburini zingekuwa salama. Kigugumizi kiko kote. Ukweli ulio karibu na hoja hii ni mwingine. Watafiti wa Marekani waliosikiliza watoto wanaokulia Kihispania na Kiingereza, wasio na kigugumizi chochote, waliwakuta wakirudiarudia silabi na maneno kuliko kipimo kilichowekwa kwa watoto wa Kiingereza peke yake. Kwa hiyo anayepima mtoto wa Kiswahili na Kihaya kwa rula ya mtoto wa London anaweza kuona kigugumizi pasipokuwepo. Kosa ni la rula. Anayeambiwa anyamaze ni bibi.

Lugha inahusika, lakini si kwa wingi wake. Watoto wadogo hukwama zaidi mwanzoni mwa sentensi, na zaidi katika sentensi ndefu na ngumu kuliko fupi. Tafiti za watoto wa Kiingereza zimelirudia hili tena na tena. Ndiyo maana kigugumizi hakianzi mtoto akiwa na maneno kumi, huanza sentensi zinapofumka. Sasa tazama kazi tunayompa mtoto wa Kiswahili. Anataka kushtaki kwamba mwenzake hajamrudishia mpira. Neno moja tu, “hajanirudishia”: atangulize ukanusho, apachike wakati, ajitaje yeye mwenyewe, ndipo alifikie tendo lenyewe, na nyuma yake bado kuna kiambishi cha kumalizia. Mzigo wote uko mlangoni. Hapo ndipo mtu mzima anapomwambia, “Haya sema haraka, nina kazi.”

5. “Usilitaje mbele yake”

Hili ni toleo la kisomi la “muache”, na utalikuta kwa watu wenye digrii. Linasema ukilitaja utaliumba. Lina baba yake: Wendell Johnson, profesa wa Chuo Kikuu cha Iowa, aliyekuwa na kigugumizi yeye mwenyewe, na aliyefundisha kwamba tatizo halianzii mdomoni mwa mtoto bali sikioni mwa mzazi, pale mzazi anapoyapa jina la ugonjwa makosa ya kawaida ya usemi.

Mwaka 1939 mwanafunzi wake Mary Tudor alikwenda kulijaribu wazo hilo kwenye kituo cha yatima mjini Davenport, Iowa. Alichukua watoto 22. Baadhi yao, waliokuwa wanaongea bila shida, waliambiwa kwa miezi kadhaa kwamba wana dalili za kigugumizi, kwamba wajizuie, kwamba wasiongee kama hawawezi kuongea sawasawa. Yatima, angalia, hakukuwa na mama wa kuuliza. Kazi hiyo haikuchapishwa jaridani. Iliibuliwa na gazeti la San Jose Mercury News mwaka 2001, chuo kikaomba radhi, na mwaka 2007 jimbo la Iowa likakubali kulipa dola 925,000 kumaliza kesi ya waathirika.

Watu huitaja habari hii kuthibitisha kwamba jina huumba tatizo, yaani huitaja bila kuisoma. Watoto wale wazima hawakupata kigugumizi. Walichopata ni kunyamaza: walianza kujibu kwa mkato, wakawa na haya, wengine hawakutaka kuongea tena darasani. Kutaja hakukuleta kigugumizi hata kwa ukatili ule. Kilicholeta madhara ni aibu, na aibu haihitaji jina. Pale dukani hakuna aliyetamka neno “kigugumizi”.

Na tunamficha nani? Watafiti wa Israel waliwaonyesha watoto wa chekechea vikaragosi viwili, kimoja kinaongea vizuri na kingine kinakwama. Wapo wa miaka mitatu waliotambua tofauti, na kufikia miaka mitano wengi waliitambua bila shida. Wenzake darasani wanajua. Yeye anajua. Wasiolijua jambo hilo rasmi ni wakubwa peke yao, na mtoto anayeona kila mtu mzima akiangalia pembeni anapokwama atafikia uamuzi wake mwenyewe kuhusu ubaya wa kitu hicho. “Naona neno hilo limekuwa gumu kutoka. Sina haraka, nakusikiliza” ni maneno ambayo mama yeyote anaweza kuyasema, na hayajawahi kumdhuru mtu.

6. Kuhusu Musa

Kwa kifupi, maana hoja yenyewe ni fupi. Anayemtaja Nabii Musa ili mtoto aachwe hajamaliza kisa. Musa hakuambiwa “utaacha ukikua”. Aliomba fundo la ulimi wake lifunguliwe na akaomba msaidizi, na msaidizi akapewa: nduguye, Harun, mwenye ufasaha. Ombi lilisikilizwa palepale. Kama huo ndio mfano wetu, basi tuufuate wote.

7. “Wataalamu wenyewe wako wapi?”

Hii ndiyo hoja pekee inayonikosesha raha, kwa sababu nusu yake ni kweli. Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha katika Afrika Mashariki ni wachache sana. Makerere ilianza kuwafundisha mwaka 2008, na Uganda, Kenya na Tanzania zikiwekwa pamoja bado hazijafika mahali ambapo mama wa wilayani anaweza kuelekezwa chumba namba fulani. Lakini uchache wa wataalamu ni hoja ya kuwadai, si hoja ya kusema hawahitajiki. Hatukusema wakunga wachache, basi akina mama watajifungua tu wenyewe. Au tulisema, na tunajua kilichotokea.

Tena tiba yenyewe kwa umri huu haifanani na watu wanavyoidhania. Mpango wa Lidcombe, uliopewa jina la kitongoji cha Sydney ulikoanzia, hufanywa na mzazi nyumbani, kila siku kwa muda mfupi, mtaalamu akimfundisha mzazi na kupima maendeleo kila wiki. Mwaka 2005 ulijaribiwa New Zealand kwa watoto 54 wa miaka mitatu hadi sita. Baada ya miezi tisa kigugumizi kwa waliotibiwa kilikuwa kimepungua kwa asilimia 77, na kwa wasiotibiwa asilimia 43. Ndiyo, hata wasiotibiwa walipungukiwa. Bibi hakukosea kote. Lakini pengo kati ya 77 na 43 ndilo tunalolilipia kwa kusubiri. Uholanzi waliulinganisha mwaka 2015 na njia nyingine, ile ya kumpunguzia mtoto mzigo wa mazungumzo bila kuugusa usemi wake, kwa watoto 199, na baada ya miezi 18 hawakuona tofauti ya maana: kila upande zaidi ya asilimia 70 walikuwa wameacha. Mpinzani makini atauliza kama hao si watatu kati ya wanne walewale. Swali zuri, kwani jaribio hilo halikuwa na kundi lililoachwa bila tiba. Nitamjibu kwa saa: miezi 18 si ile miaka kadhaa ya Yairi na Ambrose. Na Australia wamekwisha jaribu mpango wa Lidcombe kwa njia ya video, mzazi akiwa kwake, wakapata matokeo yasiyopungua ya kliniki. Kwa watu tunaotuma mchango wa harusi, rambirambi na ada ya shule kwa simu, sioni kwa nini hili lionekane ndoto.

Kikwazo halisi kiko kwingine, na ni cha ratiba. Chanjo ya pili ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 18. Baada ya hapo akina mama wengi hawana sababu ya kukaa tena kwenye benchi la kliniki, na ile mizani ya kuning’inia haimwoni tena mtoto wao. Kigugumizi huanza miezi sita baadaye, au mwaka, au miwili. Mtoto anapojitokeza tena mbele ya mtumishi wa serikali ni siku ya kuandikishwa darasa la awali, ana miaka mitano, kigugumizi kina miaka miwili, na fomu ina nafasi ya jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu ya mzazi. Swali moja kwenye fomu hiyo, kwamba je, mtoto hukwama anapoongea na tangu lini, lisingeligharimu taifa wino mwingi.

Nasikia jibu: hata hao wataalamu wako, mtoto akipelekwa mapema, wakati mwingine husema tusubiri kwanza. Ni kweli, husema. Huuliza mwezi kilipoanza na kama kuna mjomba, husikiliza matamshi, huhesabu silabi anazokwama katika mia, humwelekeza mama aongee polepole yeye mwenyewe badala ya kumwagiza mtoto, na kuwaambia kaka zake wamwache amalize. Kisha huandika tarehe ya kurudi. Muulize jirani anayesema “ataacha akikua” umrudishie mtoto lini amtazame tena, uone atakavyokushangaa.